Moshi mweusi, taa ya injini kimya: uchambuzi wa kisa cha Corolla 110 jijini Mwanza

Gari na malalamiko

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1996, injini 5A-FE ya cc 1,498, gia otomatiki. Ina distributa (kigawa umeme wa plagi), nozeli nne za kupulizia petroli na sensa ya vakyumu iliyofungwa kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Mfumo wa aina hii haupimi hewa moja kwa moja. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma mgandamizo uliomo ndani ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda) kupitia mpira mwembamba unaokwenda kwenye sensa, inaoanisha na mizunguko ya injini na joto la hewa, kisha inakadiria hewa iliyoingia na kuamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Sensa ikidanganywa, hesabu yote inaharibika.

Mmiliki ni mwalimu mstaafu, na gari analiendesha kijana wake akibeba abiria kati ya Buhongwa, Nyegezi na mjini kati. Mara moja kwa wiki linavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema. Majina, namba za gari na gereji zilizopita zimeachwa.

Lilipofika kwa fundi wa nne lilikuwa na wiki tano likisumbua. Asubuhi liliwaka vizuri, ila likishapata moto na kuzimwa dakika kumi halikuwaka mpaka dereva akanyage mafuta hadi chini huku akipiga stata. Sailensi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika bila kukanyaga mafuta, ilipanda na kushuka kati ya 500 na 900, na likiwekwa D (gia ya kwenda mbele) kwenye foleni lilikaribia kuzima. Ekzozi ilitoa moshi mweusi wenye harufu kali ya petroli. Ulaji wa mafuta ulitoka kama kilomita 12 kwa lita hadi 7.4, na hiyo 7.4 ilipatikana kwa kujaza tanki mpaka juu mara mbili kwenye pampu ileile, si kwa kuangalia mshale wa dashibodi.

Taa ya injini haikuwaka hata siku moja.

Yaliyokwisha kufanywa

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Nafuu ilidumu siku mbili, kisha plagi mpya zikawa nyeusi kama za zamani. Wa pili alifungua nozeli akaziosha. Wa tatu alibadilisha pampu ya mafuta na kufunga sensa ya oksijeni iliyotoka kwenye gari la kuchinjwa, na alipoona moshi uko palepale akasema inunuliwe sensa ya vakyumu. Mpaka hapo mwalimu alikuwa ameshatumia zaidi ya shilingi 250,000.

Pampu inastahili neno moja. Pampu iliyochoka hupeleka mafuta pungufu: gari linakosa nguvu mlimani, linakatakata kwenye mwendo mkubwa, na plagi zinatoka nyeupe. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi. Kubadilisha pampu kwa gari linalotoa moshi mweusi ni kumpa uji mtu anayelalamika kwamba ameshiba kupita kiasi.

Maswali kabla ya spana

Swali lililosaidia zaidi halikuwa "gari lina tatizo gani" bali "kabla halijaanza, liliguswa wapi?" Dereva alijibu kwamba halikuguswa. Fundi alipouliza tena kwa njia nyingine, kama kuna mtu alifungua boneti kwa kazi yoyote, hata isiyohusu mafuta, kijana akakumbuka: "Ee kaka, ilibadilishwa gaskiti ya tapeti kava, ilikuwa inavuja oili. Lakini hiyo ilipona."

Kutoa tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, kwenye injini hii kunamaanisha kusogeza waya za plagi na mipira kadhaa iliyo jirani. Fundi aliandika jibu hilo pembeni, akaendelea na vipimo kwa utaratibu badala ya kurukia mpira wa kwanza aliouona.

Vipimo kwa mfuatano

Kwanza kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kontroli boksi huhifadhi. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezima, taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, kwa hiyo balbu ipo. Jambo hili si dogo: magari mengi ya mkononi hutolewa balbu hiyo au hubandikwa kiraka cheusi ili mnunuzi asione. Kipande cha waya kikaunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS. Taa ikapepesa kwa haraka na kwa nafasi sawa bila kusita, yaani hakuna kodi iliyohifadhiwa. Waya huohuo ulipokuwa bado umeunganishwa, taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ilipimwa kwa taa ya taiming: nyuzi 10 kabla pistoni haijafika kilele, kama inavyotakiwa.

Kisha plagi. Zote nne zilikuwa na masizi makavu meusi, kwa kiwango kilekile. Usawa huo ulifunga mlango mmoja mkubwa. Nozeli moja inayovuja huchafua plagi ya silinda moja. Zikichafuka zote sawasawa, tatizo liko kwenye kitu kinachozihudumia zote: presha ya mafuta, sensa ya joto la maji, sensa ya vakyumu, au hewa isiyopita kwenye filta. Filta ya hewa ilifunguliwa, ikakutwa na vumbi la kawaida tu. Dipstiki ikaonyesha oili imepita alama ya juu na inanuka petroli, yaani mafuta yasiyoungua yalikuwa yanateleza kupita ringi na kushuka kwenye sampu.

Sensa ya joto la maji ilichomolewa soketi na kupimwa ukinzani. Injini ikiwa baridi asubuhi ilisoma kilo-omu 2.2. Baada ya kuunguruma dakika ishirini palepale gereji ikasoma 0.3. Kwa sensa hii, nyuzi 20 za Selsiasi huwa kati ya kilo-omu 2 na 3, na nyuzi 80 huwa kati ya 0.2 na 0.4. Fundi akaandika "nzima" na kusonga mbele. Sensa kweli ilikuwa nzima, ila namna ya kuipima ilikuwa na kasoro iliyokuja kugharimu siku tatu.

Presha ya mafuta ilifuata, na hapo kazi ilisimama kwanza. Gereji ni ya wazi chini ya mwembe, na mama lishe alikuwa na jiko la mkaa hatua kumi kutoka kwenye boneti. Gari lilisukumwa upande wa pili, mahali ambapo upepo haupeleki mvuke wa petroli kwenye jiko. Fyuzi ya EFI ilitolewa injini ikiunguruma mpaka ikazima yenyewe ili presha ishuke, waya hasi wa betri ukatolewa, tambara likazungushwa kwenye bolti ya filta ya petroli kabla ya kulegezwa, na mtungi wa kuzimia moto ukawekwa chini karibu na tairi, sio ndani ya ofisi. Geji ilifungwa kwa washa mpya za shaba, maana za zamani zikirudishwa huvuja.

Betri na fyuzi viliporudishwa, waya uliunganisha +B na FP kwenye kisanduku kilekile cha DIAGNOSIS ili pampu izunguke bila injini. Geji ikapanda hadi psi 42. Kinachotakiwa ni 38 hadi 44. Injini ilipowashwa na mpira wa vakyumu wa regyuleta (kirekebisha presha ya mafuta) ukiwa mahali pake, ikashuka hadi 35. Mpira ulipochomolewa ikarudi 42. Maana yake regyuleta inaitikia. Ndani ya mpira wake hapakuwa na unyevu wala harufu ya petroli, kwa hiyo ngozi yake haijatoboka. Injini ilipozimwa, baada ya dakika tano geji ilikuwa bado 30, wakati kima cha chini ni psi 21. Pampu, regyuleta na nozeli zote zikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa kwa kipimo kimoja cha nusu saa. Kipimo hiki kingetangulia pampu mpya, pampu isingenunuliwa.

Volti 3.2 na mwinuko wa ziwa

Sensa ya vakyumu ina waya tatu: moja inaleta volti 5, moja ni asi (waya wa ardhi), na ya PIM inarudisha jibu. Multimita iliwekwa kwenye PIM kwa kupenyeza pini nyembamba nyuma ya soketi bila kutoboa ganda la waya. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezima, ilisoma 3.2.

Hapa ndipo sensa ilinusurika kutupwa. Kitabu kinataka 3.3 hadi 3.9 katika hali hiyo, na fundi wa tatu alikuwa ameona namba hiyohiyo akahukumu. Lakini injini ikiwa imezima, sensa inapima hewa ya mahali ilipo, na Mwanza si Tanga. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa kwenye mwinuko huo ni kama kilopaskali 88 badala ya 101 za pwani. Sensa hii hubadilika takriban volti 0.4 kwa kila kilopaskali 13. Kama pwani ingesoma 3.6, huku lazima isome 3.2. Sensa ilikuwa inasema kweli.

Tofauti hiyohiyo inagusa geji ya vakyumu. Anayesoma kwamba injini nzima huvuta inchi 18 hadi 21 za zebaki anapaswa, akiwa kando ya ziwa, kutoa kama tatu na nusu. Inchi 16 au 17 kwenye sailensi Mwanza ni afya njema, na fundi anayetafuta 20 atafungua injini bure.

Injini ikawashwa. Geji ya vakyumu iliyofungwa kwenye tundu jingine la manifoldi ilisoma inchi 15, sindano ikitikisika kidogo. Inchi 15 ni kama kilopaskali 51 za mvuto, hivyo PIM ilipaswa kuwa karibu 1.7. Multimita ilisoma 1.9, ikipanda hadi 2.1 na kurudi. Gia ilipowekwa D, mguu kwenye breki, ikasimama kwenye 2.1.

Geji na sensa vilikuwa vinapima manifoldi moja na kutoa majibu mawili. Kwa volti 2.1, kontroli boksi iliamini kwamba ndani kuna kilopaskali 51 wakati ukweli ni 37, ikamwaga mafuta zaidi ya theluthi moja juu ya kinachohitajika. Sensa ya oksijeni ilikuwa imeng'ang'ania volti 0.8 hadi 0.9, ikiripoti mafuta mengi, lakini masahihisho yanayotokana nayo yana kikomo, na theluthi nzima iko nje ya kikomo hicho. Kuhusu taa kutowaka: kodi ya sensa hii hujiandika pale waya unapokatika au kugusana. Volti 2.1 ni jibu halali kabisa, ndilo ambalo gari hutoa likipanda kilima cha Bugando na abiria wanne. Kontroli boksi iliamini gari linapanda mlima kutwa nzima.

Sensa au mpira? Pampu ya mkono ya vakyumu ilifungwa moja kwa moja kwenye chuchu ya sensa: volti ikashuka kwa mpangilio kila mvuto ulipoongezwa, na ikatulia dakika nzima. Ilipofungwa kwenye mpira, mwisho wa pili ukiwa umezibwa, mvuto ulipotea ndani ya sekunde nne. Asiye na pampu ya mkono anaweza kuvuta kwa mdomo kupitia mpira safi uliofungwa kwenye sensa. Volti zisiposhuka hata kidogo, sensa ina matatizo, na zikishuka kisha zikapanda wakati ulimi umeziba mpira, kuna uvujaji.

Ufa wenyewe haukuonekana kwa kutazama. Ulikuwa upande wa chini, milimita sita kutoka kwenye chuchu ya sensa, mrefu kama punje ya mchele. Ukinyoosha mpira ulijifumba. Ukiupinda kidogo ulifunguka kama mdomo wa samaki. Klipu iliyoushikilia katikati ilikuwa imebaki inaning'inia tangu kazi ya tapeti kava, hivyo injini ilipojiinamisha kwenye D iliuvuta mpira na kuupanua ufa. Ndiyo maana gari lilikaribia kuzima kwenye foleni na si likiwa N (gia huru).

Matengenezo, na gari kurudi

Ulinunuliwa mpira wa vakyumu wenye tundu la milimita 4, sentimita 30, ukakatwa kwa urefu unaoacha ulegevu kidogo bila kuning'inia. Dereva alipendekeza mpira wa dripu, ambao mafundi wengi huutumia. Ukataliwe. Joto la injini huulainisha, kisha mvuto unaubana mpaka unafunga, na sensa inabaki na namba ya zamani wakati manifoldi imeshabadilika. Kichujio kidogo kilichokuwa katikati ya mpira wa zamani kilisafishwa na kurudishwa kwa mwelekeo uleule, na klipu ikafungwa. Plagi zilisuguliwa. Oili na filta yake vikabadilishwa, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi na hula beringi. Fyuzi ya EFI ikatolewa zaidi ya sekunde kumi ili kontroli boksi isahau masahihisho ya zamani.

PIM ikakaa 1.5 hadi 1.6 kwenye sailensi, geji ya vakyumu ikasimama kwenye inchi 17, moshi ukaisha. Gari likaondoka.

Siku ya tatu likarudi. Lilikuwa linawaka vizuri likiwa la moto na halitoi moshi, ila ulaji ulikuwa kilomita 10.3 kwa lita. "Fundi, umeponya kichwa, tumbo bado," mwalimu alisema. "Ni kweli, mwalimu. Leo twende nalo barabarani," fundi akajibu.

Lilipelekwa hadi Usagara kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, multimita ikiwa kwenye buti. Likasimamishwa pembeni, soketi ya sensa ya joto la maji ikachomolewa papo hapo: kilo-omu 0.55. Hizo ni nyuzi kama 60, si 80. Mshale wa joto nao ulikuwa chini ya kawaida yake. Sensa haikuwa na kosa. Injini yenyewe ilikuwa baridi. Kesho yake asubuhi rejeta ilianza kupata joto dakika chache tu baada ya kuwasha, wakati ilipaswa kubaki baridi mpaka themostati ifunguke. Nati mbili za kikombe cha mpira wa chini zikafunguliwa, ndani hapakuwa na themostati. Mtu aliitoa zamani, labda gari lilipochemsha, na hakuirudisha. Kontroli boksi inayosikia nyuzi 60 inaongeza mafuta kana kwamba injini bado inapata moto, na inafanya hivyo safari nzima.

Ikafungwa themostati ya nyuzi 82, tundu lake dogo la hewa likielekea juu, pamoja na kulanti badala ya maji ya bomba yaliyokuwa na rangi ya chai kwa kutu.

Matokeo

Mijazo miwili iliyofuata ilitoa kilomita 11.7 na 11.8 kwa lita. Sailensi ilitulia kwenye 750, na 700 ikiwa D. Kwenye mizunguko 2,500 sensa ya oksijeni ilipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 zaidi ya mara nane kwa sekunde kumi, kwa hiyo ile iliyotoka kwenye gari la kuchinjwa iliachwa palepale. Mpira, themostati, kulanti, oili na ufundi havikufika nusu ya fedha zilizotangulia.

Kilichofaa, kilichokwama

Hatua iliyobeba kazi hii ni kulinganisha vipimo viwili vya kitu kimoja. Multimita peke yake ingeonyesha 2.1 na mtu angesema sensa imekufa. Geji peke yake ingeonyesha 15 na mtu angesema injini imechoka kidogo. Zilipowekwa pamoja zikaonyesha kwamba habari inapotea njiani, na njiani kuna mpira tu.

Kuna mtego kwa waliozoea magari yenye kipima hewa. Kwenye hayo, mpira wa vakyumu uliopasuka huingiza hewa isiyohesabiwa na mchanganyiko unakuwa na mafuta pungufu. Kwenye mfumo huu, uvujaji wa manifoldi hupandisha sailensi tu, kwa sababu sensa inaiona hewa hiyo na mafuta yanaongezwa kuifuata. Uvujaji wa mpira wa sensa yenyewe ndio unaoleta moshi mweusi. Dalili zilezile zina maana tofauti kutegemea aina ya mfumo, na gereji mbili za kwanza hazikuuliza ni upi.

Kosa la fundi wa nne ni kupima joto gari likiwa limesimama. Chini ya mwembe, bila upepo, injini isiyo na themostati nayo hufika nyuzi 80 ikipewa dakika ishirini. Upepo wa barabarani ndio unaoipoza. Kipimo kilikuwa sahihi kwa namba na kibovu kwa mazingira, na kwa kuwa ufa ulielezea dalili zote kubwa, hakuna aliyejiuliza kama unaelezea pia ulaji wote. Gari lingejaribiwa hadi Usagara siku ya kwanza, lisingerudi.

Mlolongo wa gereji zilizopita una jambo moja la kuwatetea: kila moja ilipokea gari bila historia. Plagi mpya kwa gari linalomisi si wazo baya. Kilichokosekana ni mtu kuzitoa baada ya siku mbili na kuuliza kwa nini zote nne zimekuwa nyeusi sawasawa.

Pampu ya zamani ilikutwa kwenye buti, imezungushiwa gazeti. Mwalimu aliambiwa aitunze, kwa kuwa ndiyo iliyokuja na gari na hakuna aliyewahi kuipima ikashindwa.